Robo Dola

Mwaka ule, mtaani kwetu Sudbury,
ungeingia nyumba yoyote ya upande wa kushoto
ukaikuta: santuri ile yenye ngazi inayoungua
na mbwa mweupe ameketi juu, wala hautazami moto.
Kwa kina Thibodeau ilikaa nyuma ya redio.
Kwa Darlene, chini ya godoro, maana baba yake mlokole
alisema mbwa yule ana macho ya mtu.
Kwetu ilikaa sebuleni, kifudifudi,
hata siku moja mama akaitulia sufuria ya viazi
na duara la masizi likafunika maneno yote ya mgongoni.

Hakuna aliyetuambia tuinunue.
Ilitujia kama surua.

Usiku kiwanda kilimwaga uchafu wa nikeli mlimani,
anga ikawa kaa la moto,
nasi madirishani, kila mtu na gramafoni yake,
tukingoja giza lirudi ndipo tushushe sindano.
Hapo magitaa yakatoka nyumba hadi nyumba
yakipishana nusu mstari,
mtaa mzima ukiimba kwa kigugumizi.

Yangu iliruka. Wimbo wa tatu, ubeti wa pili,
mwimbaji anafungua kinywa: nilikupenda hata...
tap! na ngoma zimeshaingia.
Miaka mitano niliuimba hivyo,
nikiruka naye bila kujikwaa.
Nilipofika arobaini, kwa daktari wa meno,
kinywa wazi, ganzi hadi sikioni,
redio ya ukutani ikaupiga mzima.
Kumbe palikuwa na maneno pale. Mistari miwili.
Sikuipenda. Nilihisi mtu amehamia chumbani kwangu.

Lorne Kivelä aliibeba ya kwake kwapani.
Shuleni, dukani, ziwani juu ya barafu.
Theluji ikianguka aliivika koti, akatetemeka yeye.
"Leo tuisikilize kwenu," nikamwambia.
"Gramafoni yetu iko kwa fundi."
Fundi gani wa kukaa na kitu cha watu
toka Oktoba hadi maji yatiririke barabarani,
sikuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na mitano,
nilikuwa na nywele za kunyoosha.
Akija kwetu aliiegemeza mlangoni, kando ya viatu,
tukasikiliza ya kwangu.
Penye mruko midomo yake ilicheza,
upesi, bila sauti,
kama mtu anayemlipia mwenzake deni asijue.

Akateremka mgodini akiwa na kumi na tisa.
Hilo sitalieleza.

Jumamosi iliyopita Bi Aune, mama yake,
alitandaza meza mbele ya nyumba. Anahamia kwa binti yake.
Birika, skii za mbao, mapazia,
na ndani ya katoni ya ndizi, mbwa mweupe.
Kingo za ganda zilikuwa zimelika,
pembe moja imelainika kama kitambaa,
na pale mkono ulipozoea kubana
rangi ya moto ilikuwa imekwisha.
Nikaivuta santuri kutoka kwenye karatasi yake.
Nyeusi. Nzima. Hata mkwaruzo wa ukucha.
Tundu la katikati bado lilikuwa kali,
halijawahi kuvalishwa msumari.
Nikajiona humo, na miwani yangu,
na nyuma yangu dirisha la sebule yao
ambamo, nikikumbuka vizuri,
palikuwa na meza, kiti, saa ya ukutani,
basi.

Nikampa noti ya ishirini.
Akainua karibu na jicho, akanirudishia.
"Robo dola," akasema.
Nikamwambia, Bi Aune, hii ni mpya kabisa.
Akaichukua mikononi mwangu,
akapitisha kidole gumba kwenye ile pembe laini,
taratibu, mara mbili.
"Mpya wapi," akasema. "Hii imetumika sana."